Mikono Iliyozungusha Gurudumu

Hotuba ya mwalimu mstaafu kutoka Mbebe, wilaya ya Ileje, mbele ya waumini na majirani siku ya maadhimisho ya hekalu

  

Barua ya mwaliko iliponifikia nyumbani kwangu Mbebe, ilinitaka niseme juu ya kazi, mazoezi ya mwili na imani, na namna mambo hayo matatu yanavyompa mtu afya na sababu ya kuishi. Niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama mwalimu, nikaona ni somo jepesi ambalo ningeweza kulifundisha bila maandalizi. Mara ya pili niliisoma kama mzee aliyestaafu, nikatambua kwamba swali hili niliwahi kuulizwa na kijana mmoja kabla yenu, na kwamba siku ile sikuweza kumjibu.

Kijana huyo nilimfundisha darasa la saba. Alisoma mpaka chuo kikuu, akapata shahada ya uongozi wa biashara, kisha akarudi. Nilimkuta Tunduma, si mbali na mpaka, akiwa na gunia la mahindi begani. Alipolitua aliniamkia kwa heshima zote, nikaitikia, nikamwuliza habari za kazi. Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Mwalimu," akasema, "kila Jumatatu ulikuwa ukituandikia ubaoni kwamba kazi ni kipimo cha utu. Basi nipime. Nina shahada moja na magunia arobaini kwa siku. Utu wangu ni kilo ngapi?"

Nilimjibu kwamba mchagua jembe si mkulima. Alinitazama kwa upole wa mtu anayemsamehe mzee wake, akainama, akachukua gunia jingine.

Nami wakati huo, kusema kweli, sikuwa na haki ya kumfundisha mtu yeyote juu ya kazi. Kwa miaka thelathini na sita nilikuwa nikiamka kabla jua halijachomoza ili niwahi kengele ya shule. Siku ya kwanza ya kustaafu niliamka saa ile ile, nikavaa, nikafunga kamba za viatu, ndipo nikakumbuka. Nikavivua. Tangu siku hiyo kiti cha barazani kikawa ndiyo ofisi yangu. Mke wangu alilima, mimi nikasikiliza redio na kuwakosoa watangazaji. Mwaka haukuisha, kichwa kikaanza kuniuma na kizunguzungu kunijia kila niliposimama. Nilipokwenda zahanati, muuguzi alinipima shinikizo la damu, akarudia kunipima kana kwamba chombo kimekosea, kisha akaniuliza, "Mwalimu, siku hizi ukiamka unakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Alinipa dawa, ambazo ninazimeza hadi leo, na ninamsihi kila aliyepewa dawa kama hizo asije akaziacha kwa sababu ya hotuba yangu. Lakini alinipa na amri: niende shambani kwa miguu kila siku, nifanye kazi ya kutokwa jasho, nirudi kwa miguu. Shamba letu liko mteremkoni, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu ya mzee, na njia ya kurudi ni mlima mtupu.

Wiki za kwanza nilikwenda kama mgonjwa anayekwenda kudungwa sindano. Jembe lilinichubua viganja vilivyozoea chaki. Mke wangu alipalilia mistari mitatu nami nikimalizia mmoja, na hakusema neno, jambo lililoniuma kuliko angesema. Ulipita msimu mzima kabla sijatambua kwamba sikuwa nikienda tena kwa ajili ya muuguzi. Kulikuwa na mstari wa maharage niliouacha jana yake haujakamilika, na maharage hayajipalilii. Hilo tu. Palikuwa na kitu duniani kilichokuwa kikiningoja.

Katika majira hayo mzee mmoja wa hekalu hili, ambaye amenikataza nisimtaje, aliniazima kitabu cha maisha ya Mohandas Gandhi kilichoandikwa na Gandhi mwenyewe. Nilidhani nitakuta siasa za kudai uhuru wa India. Nikakuta kwanza mambo ya kwetu: kijana mwanasheria, mwaka 1893, akisafiri kwa meli kwenda Afrika Kusini, akatia nanga Lamu, kisha Mombasa, kisha Unguja, ambako alikaa siku kadhaa akisubiri meli nyingine. Pale Lamu nusura aachwe na meli kwa sababu alikwenda kutazama mji. Nilifurahi kujua kwamba hata watu wakubwa huchelewa.

Sehemu niliyoisoma mara nyingi zaidi ni ile ya mwaka 1904. Katika mwaka huo Gandhi alikuwa mwanasheria mwenye kipato kizuri mjini Johannesburg. Akiwa ndani ya treni kwenda Durban alisoma kitabu cha Mwingereza John Ruskin juu ya uchumi na utu, na usingizi ukamtoka usiku kucha. Alichokipata humo alikieleza kwa mambo matatu: kwamba wema wa mtu mmoja umo ndani ya wema wa wote, kwamba kazi ya mwanasheria haina thamani kuliko kazi ya kinyozi, kwa kuwa wote wawili wana haki ya kujipatia riziki kwa kazi yao, na kwamba maisha ya mtu wa kazi za mikono, mkulima na fundi, ndiyo maisha yanayostahili kuishiwa. Wengi wetu tukisoma maneno kama hayo husema amina, kisha tukaagiza chai. Yeye alinunua shamba. Lilikuwa na ekari 100, mahali paitwapo Phoenix, karibu na Durban, nalo lilimgharimu pauni 1,000. Akahamishia huko mitambo ya gazeti lake la Indian Opinion, na ikawa kanuni kwamba kila mtu atalima, atafanya kazi ya gazeti, na atalipwa pauni tatu kwa mwezi, awe mhariri au mpanga herufi, awe wa rangi gani au taifa gani.

Usiku wa kwanza wa kuchapa gazeti huko Phoenix, injini ya mafuta iligoma. Fundi aliyeletwa kutoka Durban alihangaika nayo hadi akachoka. Msimamizi wa mitambo, Mwingereza aitwaye Albert West, alimwendea Gandhi machozi yakimlengalenga, akamwambia gazeti halitatoka. Palikuwa na gurudumu la kuzungusha kwa mikono, lililowekwa kwa ajili ya siku kama hiyo, lakini lilihitaji watu wanne wanne kwa zamu, na wafanyakazi wote walikuwa hoi. Sasa, majengo yalikuwa bado hayajakamilika, na maseremala walikuwa wamelala sakafuni humo humo ndani ya kiwanda. West hakuthubutu kuwaamsha. Gandhi aliwaamsha mwenyewe. Hawakuhitaji kubembelezwa: waliuliza wana faida gani ikiwa hawawezi kuitwa wakati wa shida, wakawaambia wenzao wapumzike, kwa kuwa kazi ile kwao ilikuwa nyepesi.

West akaanza kuimba wimbo wa dini. Gandhi akashika gurudumu pamoja na maseremala, wengine wakipokezana, wakazungusha hadi saa moja asubuhi. Ndipo wakamwamsha fundi ajaribu tena injini, nayo ikawaka karibu mara tu alipoigusa.

Mafundi mnaonisikiliza mtasema pengine ilikuwa imepoa tu. Inawezekana. Mimi sisimulii habari hii kwa ajili ya injini. Ninaisimulia kwa ajili ya wale maseremala, ambao hakuna aliyewahesabu katika orodha ya watu wa gazeti, waliolala sakafuni kama magogo, na ambao walipoamshwa ndio peke yao waliosema kazi ni nyepesi. Usiku ule kazi ya mikono, mazoezi ya mwili na sala vilikuwa kitu kimoja, na hakuna aliyetenga saa ya hiki na saa ya kile.

Hata hivyo sitaki kusimulia mazuri pekee mbele ya majirani zangu Waafrika, ambao baadhi yao wamesoma kuliko mimi. Katika miaka yake ya mwanzo Afrika Kusini, Gandhi aliandika juu ya watu weusi maneno ya dharau ambayo hayafai kurudiwa mahali patakatifu. Ndiyo sababu mwaka 2018 sanamu yake iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Ghana. Na jambo la kusikitisha ni kwamba jirani yake kabisa, mwendo mfupi kutoka Phoenix, alikuwapo mwalimu wa Kizulu, John Langalibalele Dube, aliyekuwa tayari ameanzisha shule ya Ohlange, ambako vijana wa Kiafrika walijifunza vitabu pamoja na useremala na kilimo. Dube naye alikuwa na gazeti lake, lililoanza mwaka 1903, mwaka ule ule wa Indian Opinion. Jina lake, Ilanga lase Natal, maana yake ni Jua la Natal. Mwaka 1912 Dube akawa rais wa kwanza wa chama ambacho leo ni ANC, na mwaka 1994 Nelson Mandela alikwenda kupiga kura yake katika shule hiyo hiyo. Watu wawili, vilima viwili vilivyopakana, fundisho moja juu ya mikono na utu, na ujirani ambao ungeweza kuzaa zaidi ya ulivyozaa. Kila ninapokuja hapa, nikaona Mhindu, Mnyiha, Mnyamwanga, Mndali na Mlambya wameketi kwenye mkeka mmoja, nawakumbuka wawili hao.

Nirudi kwenye gunia la kijana wangu. Nimeitaja ile hesabu ya pauni tatu kwa makusudi. Bhagavad Gita inamfundisha mtu kutimiza wajibu wake bila kung'ang'ania matunda yake. Ni fundisho kubwa, nami nimelipenda katika uzee wangu, kwa sababu mkulima wa Ileje hana mamlaka juu ya mvua wala juu ya bei ya mahindi, na akiweka moyo wake wote huko atakufa kabla ya mavuno. Lakini kama yalivyo mafundisho makubwa yote, linaweza kudhuru likitoka katika kinywa kisichostahili. Mwenye ghala akimwambia mbeba mizigo asiyatazame matunda ya kazi yake, hajamfundisha Gita. Amemwibia. Arjuna aliambiwa juu ya matunda yake mwenyewe, hakuruhusiwa kuyachukua ya mtumishi wake. Na tukumbuke aliyekuwa akimfundisha alikuwa ameketi wapi. Krishna alikuwa ameshika hatamu za farasi. Alikuwa dereva. Madereva wa malori mlioko hapa leo, mkidharauliwa barabarani, lishikeni hilo.

Kwa hiyo ninayo maneno machache kwa ndugu zangu wafanyabiashara, Wahindu kwa Waafrika, nami nayasema nikiwa mgeni wenu niliyekwisha kula chakula chenu. Tusimhubirie mtu kwamba kazi ina heshima kabla hatujamlipa kwa wakati, kabla hatujahesabu magunia yake sawasawa, na kabla hatujamwita kwa jina lake.

Juu ya mazoezi nitasema kifupi, kwa kuwa muuguzi amekwisha kunisemea. Mwaka 1910 Gandhi na wenzake walipata shamba jingine, Tolstoy Farm, ekari 1,100 walizopewa na rafiki yake mchoraji wa majengo, Hermann Kallenbach. Lilikuwa maili 21 kutoka Johannesburg. Ikawekwa kanuni kwamba anayekwenda mjini kwa shughuli zake binafsi aende kwa miguu. Waliamka saa nane usiku, na aliyekwenda kwa kasi kuliko wote alitumia saa 4 na dakika 18. Nadhani miguu hiyo ndiyo iliyomfikisha Gandhi baharini mwaka 1930, alipotembea siku 24 kwenda kuokota chumvi, akiwa na umri wa miaka 60. Ni umri ambao kwetu serikali humwambia mtu akapumzike, naye akatii kupita kiasi kama nilivyotii mimi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kuchangamsha mwili kila wiki. Mwanamke wa Mbebe anayepanda mlima na kuni kichwani humaliza dakika hizo kabla ya Jumatano, kwa hiyo tusiende kumfundisha kukimbia. Wanaozihitaji ni sisi wa vitini: mwenye duka aliye nyuma ya meza yake tangu asubuhi, mbadilisha fedha, karani wa forodha, dereva aliyekaa ndani ya lori foleni ikirefuka hadi chakula cha kukaanga kikawa ndiyo burudani yake. Mbeba magunia, kinyume chake, hahitaji mazoezi. Anahitaji kupumzika, maji safi ya kunywa, na mtu wa kumwonyesha namna ya kuinama bila kuvunja mgongo. Mwili hauna dawa moja kwa wote.

Ninyi waumini mnayo hazina katika yoga, ambayo Umoja wa Mataifa umeitengea siku yake, tarehe 21 Juni, tangu mwaka 2015. Baadhi ya wenzangu kanisani waliniuliza kama mtu akifanya ile mikao kumi na miwili ya kulisalimu jua amekwisha kuliabudu. Niliwajibu kwamba mwenye imani hiyo huifanya kwa imani yake, nasi wengine tunyooshe migongo tu, Mungu anajua tofauti. Mgongo wangu haujabadili dini hata leo.

Imani nayo inaongeza nini? Nimelifikiria hili njiani nikishuka mteremko wangu. Kazi peke yake inaweza kumla mtu. Tunawajua waliotajirika wakasahau majina ya wajukuu wao. Mazoezi peke yake yanaweza kuwa majivuno ya kioo. Nilipokuja hapa mara ya kwanza niliona akina mama wamekuwapo jikoni tangu alfajiri, moshi ukiwatoa machozi, na chakula chote walichopika kikapelekwa kwanza mbele ya madhabahu. Kikirudi huitwa prasadi, nacho hugawiwa kila aliyeko bila kuulizwa dini wala kulipa. Ni wali ule ule na dengu zile zile. Lakini nilitazama nyuso za wapishi, sikuona uso wa mtu aliyechoka bure. Walikuwa na mtu wa kumpikia. Ndivyo nilivyo nami tangu nilipoanza kusali kabla ya kushika jembe: shamba halikukua, ila limepata mwenyewe mwingine juu yangu, na mimi nimekuwa mgeni wake anayefanya kazi. Huko Tolstoy Farm vijana wa Kiislamu walifunga Ramadhani, na vijana wa dini nyingine wakahimizwa wafunge pamoja nao ili wasifunge peke yao. Nadhani walijifunza kitu ambacho mahubiri yangekichosha.

Nilimrudia kijana wangu, nikamsimulia habari ya maseremala. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na usiku ule walilipwa?" Nikamwambia hilo ni swali la mtu aliyesomea biashara, na kwamba labda shahada yake haijapotea kama anavyodhani. Hatukuzungumza zaidi, lori lilikuwa limefika.

Miezi miwili baadaye nilimkuta ameketi juu ya gunia, ana daftari. Wabeba mizigo wenzake kumi na saba walikuwa wamekubaliana naye awe anaandika idadi ya magunia ya kila mmoja, kwa sababu jioni hesabu ya mwenye mzigo na hesabu ya mbebaji zilikuwa hazifanani kamwe. Sasa zinafanana, au zikitofautiana daftari huletwa. Kila mmoja hutoa kiasi kidogo kila Jumamosi, na mwenzao aliyeteguka kiuno alipata matibabu kwa fedha hizo. Asubuhi, kabla ya mzigo wa kwanza, husali kwa zamu, Muislamu leo, Mkristo kesho.

Bado anabeba magunia. Bado anatuma barua za kuomba kazi, na nyingi hazijibiwi. Sitaki mtu yeyote aondoke hapa akidhani nimemtatulia tatizo lake, wala kwamba daftari ni badala ya ajira. Lakini nilipomwuliza tena habari za kazi, hakucheka kile kicheko. Alinionyesha safu za majina, akanieleza nani ana watoto wangapi na nani anadaiwa ada ya shule.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kikundi hicho hukutana Jumapili alasiri kando ya barabara, juani, na mvua ikinyesha hawakutani. Wanahitaji mahali penye paa kwa saa moja tu, na kama yupo miongoni mwenu anayeweza kuwafundisha ile mikao ya kunyoosha mgongo, watashukuru. Leo nilipoingia, aliyepokea viatu vyangu mlangoni ni mtu ambaye nusu ya mji huu inadaiwa dukani kwake. Alivipangusa tope la Mbebe kwa kiganja chake, akaviweka kando ya viatu vya ngozi. Ndipo nikapata ujasiri wa kuuliza. Nilimwahidi kijana kwamba nitauliza, nami nimeuliza.